Aliyemzika Mjomba Maganga

Kambi ya mkonge, Tanga

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Nakuamkia wewe na wote mlioketi matanga hapo nyumbani. Umelala? Umekula chochote? Na lile goti linalokusumbua kila masika, limepata nafuu, au ndiyo unashinda chini kwenye mkeka na wafiwa? Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio umechafuka, na nikijifanya kuandika kwa upole nitakuwa nakudanganya.

Simu ya maandishi niliyopiga posta najua imekwisha fika. Ilisema tu kwamba ndugu yako amefariki. Sasa nataka nikueleze alivyozikwa, tena nafanya haraka, maana Simoni, katekista wetu wa hapa kambini, ameapa kunisemea kwa padri wa huko. Afadhali uyasikie kwangu kwanza.

Mjomba alikufa kwa kile kifua chake. Vumbi la singa za mkonge katika chumba cha brashi, alikokuwa akizisafisha, lilimwingia mpaka pumzi ikawa ya kuvuta kwa kamba. Siku za mwisho tulimuuguza mimi na Mwinjuma, yule kinyozi Mzigua wa Makorora ambaye mjomba alikuwa hakosi kumtaja kila alipokuandikia. Akifunga kazi anapanda baiskeli, anakuja kumkalisha mjomba kitako na kumnywesha uji, huku anamtukana.

"Kunywa, we Mnyamwezi! Umezoea asali ya kuiba, uji wa halali unakushinda?"

"Uji huu?" mjomba anamjibu, anacheka na kukohoa. "Haya si ndiyo maji uliyonyolea watu leo?"

Jioni moja alituita karibu wote wawili. Akaniambia, "Mihayo, huyu mshenzi ndiye atakayenilaza. Mwingine asishuke." Nikamwitikia. Mwinjuma akamvuta blanketi mpaka kidevuni.

Mambo ya utani huhitaji kufundishwa na mimi, Mama. Tangu babu zetu walipokuwa wakiteremka pwani na mizigo vichwani na kupita nchi ya Wazigua, wao ni watani zetu. Wetu akifa ugenini, mtani ndiye anayeshuka kaburini kumpokea, na ndiye mwenye ruhusa ya kufanya mzaha wakati sisi tunalia. Babu naye alizikwa na watani, na padri alikuwa amesimama pale pale na kitabu chake, akaendelea kusoma.

Basi nilikwenda kwa Simoni kupanga maziko. Swali lake la kwanza lilikuwa, "Huyo mtani ni Mkristo?"

Nikasema ni Mwislamu.

"Basi asikanyage makaburi yetu. Ardhi ile imebarikiwa."

"Lakini marehemu ameacha wosia."

"Wosia wa mtu mwenye homa! Na wewe mwimbaji wa kanisa, huoni haya?"

Nilidhani ubaya umeishia kwa watu wetu. Kumbe huko Makorora nako, mwalimu mmoja wa chuo cha Kurani aliyehamia juzijuzi alimsimamisha Mwinjuma mlangoni, watu wakitoka kuswali Ijumaa. Akamwambia kwamba atakayeshika maiti ya kafiri asisimame naye safu moja. Kafiri, Mama! Mjomba, aliyekuwa akipeleka sukari kila maulidi ya mtaa ule, na kutandika mikeka, na kukaa nje akisikiliza mpaka mwisho! Wazee waliokula sukari yake walikuwapo pale, wakatazama viatu vyao. Hasira iliyonishika hata leo haijashuka.

Siku ya maziko tulilibeba jeneza tukiimba. Tulipofika kaburini, Mwinjuma alikuwa amekwisha tangulia. Alikuwa amelala ndani ya shimo, chali, kanzu imejaa udongo, macho ameyafumba.

"Hapa pana mtu," akasema bila kuyafumbua. "Mnyamwezi wenu mpelekeni kwingine."

Wanawake wakacheka na machozi yanawatoka. Hata mimi nilicheka, na kwa mara ya kwanza tangu kifo nilihisi kwamba tunamzika mjomba hasa. Simoni akafoka, "Mtoeni!" Hakuna aliyesogea. Ndipo akanigeukia mimi.

"Wewe ndiye mfiwa. Mwamuru atoke, ama sivyo nafunga kitabu."

Niliogopa, Mama, sikufichi. Nilikufikiria wewe, na jinsi utakavyoumia ukisikia ndugu yako hakusomewa. Lakini niliona pia uso wa mjomba jioni ile. Nikasema, "Marehemu alisema atalazwa na huyu. Nami niliitika."

Simoni akafunga kitabu. Akaung'oa na msalaba uliokuwa umekwisha simamishwa, akautia kwapani akaenda zake, na nusu ya waimbaji wenzangu wakamfuata. Amemnyang'anya maiti msalaba wake! Nimeona manyapara wakifanya mengi katika mkonge huu, lakini hilo sijaona.

Mwinjuma akainuka, akapokea upande wa kichwa, akamlaza polepole. Kisha akapigapiga ubao kwa kiganja. "Haya, Maganga. Maisha yako yote umebeba mizigo ya watu. Leo umebebwa wewe. Usizoee." Halafu akalia mle mle shimoni, mtu mzima na ndevu zake. Mimi nikasali Baba Yetu, waliobaki wakaniitikia, na yeye akasimama kimya na udongo wake mkononi mpaka tukamaliza. Huko ndiko kuchafua makaburi wanakokusema.

Sasa sikiliza yaliyofuata. Mimi nimekatazwa komunyo na kuimba mpaka nisimame mbele ya watu niseme nilikosea, na nisipofanya hivyo mjomba hasomewi misa hapa. Mwinjuma naye kiti chake cha kunyolea kinakaa kitupu. Watu aliowanyoa tangu utotoni wanapita mbele yake na vichwa vyao vya msitu kwenda kwa kinyozi mwingine.

Na Jumapili iliyopita kulikuwa na mkutano wa chama, huu wa kudai tujitawale wenyewe. Nilikwenda, maana kadi ninayo. Nani walikuwa wamekaa jukwaani, benchi moja, wanagawana maji ya kunywa? Simoni na yule mwalimu! Mmoja akasema Mwafrika ni mmoja, mwingine akapiga makofi. Kisha wakabadilishana. Wanamwambia Gavana kwamba sisi ni ndugu, na wiki ile ile wametukataza kuzikana. Nilitaka kupiga kelele nikashindwa. Uhuru nautaka, Mama, hata kesho. Lakini wakiuchukua watu wa namna hii watatugawa kama walivyotugawa kaburini, na safari hiyo watakuwa na serikali mkononi.

Kwa hiyo sitasimama kanisani kusema nilikosea. Nimelifikiria sana. Najua misa ile ungeitaka, na kukunyima kunaniuma kuliko wanayonifanyia wao. Iombe huko, Mama. Padri akikuuliza, mweleze kila kitu, usifiche hata jina la Mwinjuma. Akikataa na yeye, basi msali wenyewe nyumbani. Msalaba nimetengeneza mwingine kwa mkono wangu. Mwinjuma aliushika nikipigilia misumari, akilalamika kwamba Wanyamwezi hawajui useremala.

Nisalimie baba mdogo Katabi, na shangazi anayekupikia siku hizi za msiba. Dada yangu mbembelezee watoto. Na Kalunde, binti wa mjomba, mwambie baba yake hakuzikwa na wageni.

Mwinjuma amekaa hapa kitandani kwa mjomba ninapoandika. Amekwisha ninyoa kichwa cha matanga, hataki kwenda kwake. Anasema nikuandikie hivi: "Kaburi nimelichimba zuri kuliko anavyostahili Mnyamwezi, na ile asali aliyoniahidi miaka yote haijafika, mwizi yule." Nilipomwuliza kama kuna lingine, akaupanga mto wa mjomba. Kisha akasema, "Mwulize dada yake, sasa mimi nitamtukana nani?"

Nimejaribu kumjibu mimi, Mama. Matusi yangu hayamfai.

Mwanao akupendaye,
Mihayo