Mlolongo wa Rehemah

Wales, 6 Machi 2022

Mama mpendwa,

Asalam aleikum. Mimi mzima, baridi tu ndiyo inanitesa. Goti lako je, na majirani hapo Walukuba?

Mama, nagombea udiwani. Usicheke. Bonde hili liliishi kwa makaa ya mawe kama Walukuba ilivyoishi kwa viwanda. Migodi ikafungwa, zikabaki nyumba za wafanyakazi. Wachimbaji walijijengea ukumbi kwa jasho lao. Wazee ninaowahudumia kazini hunywa chai humo, hawana kwingine pa kukutana. Sasa baraza la kaunti linataka kuuuza, na diwani wetu kimya. Nikasema basi, nitasimama mimi.

Binti yako,
Rehemah

Walukuba, Jinja, 20 Machi 2022

Mwanangu,

Waaleikum salaam. Goti linauma ila linatembea. Nimecheka, nisamehe. Kisha nikalia, maana kiwanda kilipofungwa marehemu baba yako na wenzake walingoja mtu wa kuwasemea, hakutokea.

Lakini ugenini huko nani atajipanga nyuma yako? Mjomba wako Mafabi aligombea uenyekiti wa kijiji kule Mbale. Kila mpiga kura alijipanga nyuma ya mgombea wake, na mlolongo wa mjomba uliipita yote. Mvua ikashuka, watu wakakimbilia barazani, akabaki na mkewe. Akahesabiwa kura moja. Chagua siku ya jua.

Mama yako

Wales, 28 Mei 2022

Mama mpendwa,

Asalam aleikum. Niwie radhi kwa ukimya. Huku hatujipangi, kura ni ya siri, sandukuni. Nimeshinda!

Ila ukumbi ulikuwa bado hatarini. Juzi baraza lilikaa kuamua, nikapanda mlima kwa miguu hadi ofisini kwao. Mvua ikamwagika. Nikamkumbuka mjomba, nikaogopa kugeuka. Nilipogeuka, walikuwa nyuma yangu: wazee wangu, mmoja na mikongojo miwili, na mwenye duka la mikate, wamejipanga mmoja mmoja hadi chini ya mlima. Niliwahi kuwasimulia kisa cha Mafabi, wakacheka mpaka chai ikapoa. Kumbe walikiweka moyoni. Walilowa chapachapa, hakutoka mlolongoni hata mmoja.

Madiwani walituona dirishani. Ukumbi hauuzwi, Mama. Nililia mbele za watu na sioni haya.

Rehemah wako

Walukuba, 12 Juni 2022

Diwani wangu,

Waaleikum salaam. Barua nimeisoma uani mara tatu, jirani Nakato akapiga vigelegele. Nimempigia simu Mafabi. Akauliza kama wazee hao wanaweza kuhamia Mbale kabla ya uchaguzi ujao.

Jana nilikwenda kaburini kwa baba yako. Nimemwambia mtu wa kuwasemea watu ametokea.

Mama yako