Mbwa Mweusi wa Tinde Ni Picha ya Maulidi

Mwaka umetimia, Baba Tabu, tangu homa ikuchukue Jumanne ile kabla ya adhuhuri, kamera yako ikabaki imesimama kwa miguu yake mitatu katikati ya chumba. Mimi mkeo Mwahija ndiye ninayeandika, kwa niaba ya nyumba nzima. Tulikusudia kuandika maneno ya upole matupu. Upole utakuwepo, maana ulistahili. Lakini mjini hapa yupo mtu anayesomewa gazeti hili kila linapofika na treni, na leo tunataka asomewe mpaka mwisho.

Ulikuwa mtu wa taratibu. Hukumpiga mtu picha kabla hujamfanya acheke, na hukumpiga mnyama kabla hujauliza jina lake. Ulipenda chai ya tangawizi iliyopoa, na ulikuwa ukiisahau juu ya sanduku la vioo vya picha hadi inzi wanakutangulia kuinywa. Niligomba kila siku. Sasa hakuna wa kugombezwa, na chai naimimina moja.

Wengi wanaijua picha ya mbwa mweusi wa Tinde. Wachache wanajua ilivyopatikana. Bujiku, mfugaji wa Tinde, alikuwa anakwenda Geita kuchimba dhahabu, na alikuwa ameambiwa kwamba kambini mbwa hawaruhusiwi. Akaja kwako na mbwa wake, mweusi kuanzia pua mpaka mkia, jina lake Watasema. Alitaka picha ya kubandika ndani ya kifuniko cha sanduku lake la safari.

"Na mkeo je, humchukui picha?" ukamuuliza.

Mkewe Mbuke ndiye aliyejibu. "Mimi nitamfuata kwa miguu yangu, bhabha. Mbwa ndiye hatafika."

Siku hiyo ulifanya haraka, nawe ulikiri. Ulimsimamisha mbwa uani, jua la saa sita utosini, wewe umesimama wima nyuma ya kamera. Picha ilipotoka, Bujiku aliigeuzageuza mkononi.

"Mwadila, bhabha," akasema, kama anayekusalimia upya ili asikuudhi. "Hapa naona kipande cha mkaa. Tena kimeota mti kichwani. Mbwa wangu hana mti."

Ulikuwa ni mlingoti wa ua, uliosimama nyuma ya mbwa sawasawa na kichwa chake. Mwingine angemwambia mshamba yule achukue alichopewa aende zake. Wewe ulisema, "Kosa ni langu, mzee. Leteni mbwa kesho asubuhi, jua likiwa bado changa."

Kesho yake ulianza kwa kuondoa vitu. Ulihamisha ndoo, mafiga, ungo wangu na kuku wawili, mpaka nyuma ya mbwa ukabaki ukuta mtupu wa udongo mwekundu. Ukamweka chini ya ukingo wa paa, penye kivuli lakini mwanga wa uwanja unaingia. Mbuke ukampa shuka nyeupe ainyooshe upande wa pili, na ghafla uso wa mbwa ukaonekana: kumbe alikuwa na nyusi, kumbe alikuwa na kovu puani. Kwa kuwa mbwa hatulii, uliweka jiwe mahali pa kichwa chake, ukaingia chini ya kitambaa cheusi ukalenga jiwe hilo hadi chembe zake zikahesabika. Kisha ukaifupisha miguu ya kamera, ukalala kifudifudi, kanzu na yote. "Macho yake yawe sawa na macho yangu," ulituambia. "Na macho yakitoka wazi, mkia hata ukififia hakuna atakayelalamika."

Mbwa alipoleta kichwa juu ya jiwe, ulilia kama paka. Mtu mzima, jirani wa msikiti! Watasema akasimamisha masikio, ukabonyeza. Picha ikapatikana. Na mbwa akakurukia, akakuramba shavu zima.

Ulijiosha mara saba pale kisimani, ya kwanza kwa udongo, kama sheria inavyotaka, na nusu ya mtaa ilikuona. Ulikuwa unacheka huku unajiosha.

Sasa tuje kwake. Nassibu, mshirika wako na msalishaji wa msikitini kwetu, mliyekodi pamoja kile chumba cha karibu na stesheni. Ijumaa iliyofuata alisimama barazani akawaambia watu kwamba Maulidi amelala na mbwa, na kwamba yeye hawezi kukupa mkono. Wiki tatu watu walikusalimia kwa mbali. Wenye harusi mbili wakakuacha wakapigwa picha naye. Ulirudi nyumbani jioni ukaniambia, "Atachoka." Nilikuambia ukamkabili. Hukutaka. Upole wako ule, mume wangu, niliuchukia, na mpaka leo sijaupenda.

Ulipofariki, mimi nilikaa eda. Miezi minne na siku kumi sikuvuka kizingiti, na Nassibu aliijua hesabu hiyo kuliko mimi. Alikuja siku ya tatu, akalia mbele ya wanaume, akachukua funguo "atunze vitu vya marehemu." Nilipotoka edani, kioo cha mbwa, kile kinachotoa nakala zote za picha, kilikuwa chake. Picha ilikuwa mlangoni kwake, kubwa, na nyuma ya kila nakala pamepigwa muhuri wa jina lake. Mabwana wa migodini walikuwa wanamletea mbwa wao kutoka Geita, kwa sababu ya picha ile.

Nilikwenda na dada yako Mwamvua, siku ya gulio, saa ambayo baraza lake limejaa watu. Sikumwamkia.

"Nassibu, kioo cha mbwa wa Tinde nakitaka."

"Pole na msiba, Mama Tabu," akasema kwa sauti ya asali. "Kioo kile ni changu. Nilipiga mwenyewe. Marehemu alinishikia shuka tu."

"Ulilala chini?"

"Nililala."

"Uso kwa uso na mbwa?"

"Ndiyo kazi yetu ilivyo, mama."

Mwamvua, ambaye hajui kunong'ona, akauliza, "Basi alikuramba wewe? Mbona kisimani hatukukuona? Umesalisha watu hivyo hivyo mwaka mzima?"

Mzee mmoja aliyekuwa amemshika Nassibu mkono akauachia. Nassibu akaruka kwenye kiti. "Astaghafirullah! Mimi sijamgusa mbwa tangu nizaliwe! Sijamkaribia hata mmoja! Watu wote hapa wanajua!"

"Tunajua," akasema yule mzee. "Mpe mama kioo chake."

Nilikibeba kwa mikono miwili mpaka nyumbani. Sitasema uongo, nilifurahi. Nilifurahi alivyotokwa jasho, nilifurahi watu walivyocheka nyuma yangu, na usiku ule nililala usingizi mzito kwa mara ya kwanza tangu uondoke.

Lakini haikunitosha. Ndiyo maana nimeeleza hapa juu, hatua kwa hatua, ukuta na kivuli na shuka na jiwe, ili kila mwenye kamera kuanzia Kahama hadi Geita asome na ajue. Wewe ungefurahi kwa kuwa watu wamejifunza. Mimi nafurahi kwa kuwa Nassibu hana tena cha kujifanya anakijua peke yake. Bado anawapiga mbwa saa sita mchana, amesimama mbali, na wanatoka mkaa.

Tabu ameanza kazi kwa kamera yako. Picha yake ya kwanza nzuri ni ya paka wa jirani akilala dirishani. Alikaa chini akamsubiri asubuhi nzima.

Wiki iliyopita, aliposikia tunaandaa hitima yako, Nassibu alimtuma mtu. Anasema amezeeka, anaumwa kifua, anaomba tumpe radhi kwa niaba yako. Tulikaa kikao cha familia. Mwamvua alitaka kumtukana, nikamkataza. Tulimjibu kwa adabu: aliyekosewa ni Maulidi, sisi hatuna ruhusa ya kusamehe cha mwenzetu. Akuombe mwenyewe. Na kwa kifua kile, hatakawia kukufikia.

Akija, Baba Tabu, usiwe mpole.

Wanaokukumbuka ni mkeo Mwahija, binti yako Tabu, dada yako Mwamvua, pamoja na Bujiku na Mbuke walioko Geita. Wewe hatutakusahau kamwe. Na yeye pia hatutamsahau.