Mashine Yako Bado Ina Foleni

Kaka Ambakisye,

Tangu tukuzike sina amani na hiki kinu cha kijiji hapa Rujewa. Nakuandikia wewe kwa sababu walio hai hawanisikilizi.

Mashine zote tatu za kukoboa bado zinatumia jenereta lile lile. Lakini watu, kaka! Wote wanapanga foleni kwenye ya tatu, uliyokuwa unaisimamia wewe. "Ya marehemu haivunji mchele," wanasema, hata wanaotoka Madibira. Zile mbili zinazunguka karibu tupu. Na anayemimina mpunga kwenye yako ni mkeo. Hataki kusimama pengine.

Nilimwambia mwenyekiti wa kijiji kwamba mota yako inazidiwa. Akanionyesha mita ya ubaoni, inayopima umeme wa mashine zote kwa pamoja: ampea sitini, na jenereta linabeba mia na ishirini. "Nusu tu! Gawa kwa tatu, ishirini ishirini. Au ndugu yako anakutokea ndotoni?"

Nikaenda Makongolosi, nikanunua mita tatu kuukuu kwenye vyuma chakavu vya mgodini, nikafunga moja kwa kila mota. Ya kwanza, tisa. Ya pili, kumi. Yako, arobaini na moja, na kibati chake kinasema mwisho thelathini. Jumla ni sitini zile zile, kaka. Zile mbili zinasinzia, yako inakufa, na mita ya ubaoni inaonyesha mambo ni shwari.

Mwenyekiti akacheka. "Mita za kuokota hizo." Na fyuzi yako walishaifunga waya mnene, isikate umeme mota ikizidiwa.

Naogopa, kaka. Jana ile mota ilinuka kama rangi inayoungua. Vumbi la pumba limejaa mpaka kwenye kenchi za paa, linangoja cheche. Mlango ni mmoja tu, nao umezibwa na akina mama wenye watoto mgongoni. Wewe ungeweka kiganja juu yake useme, "Huyu kachoka, apumzike," na wote wangehama bila neno. Mimi nani atahama kwa neno langu?

Nimeamua. Kesho kabla hawajafika nafungua mkanda wa mashine yako, naondoka nao nyumbani. Wakitaka kunifukuza kazi, wanifukuze. Shemeji atalia kwamba nimekuzika mara ya pili.

Alie, lakini awe hai.

Ndaga, asante kaka, kwa yote. Pumzika. Mkeo nitamlinda, hata asiponisemesha tena.

Mdogo wako,
Lusajo