Mama, Sinema Inakula Mutoto Wangu

Kindu, kambi ya reli

Mama yangu mupenzi,

Habari za huko kijijini Kama? Mugongo wa baba umepata nafuu? Sisi tuko, tunapumua. Mimi nimechoka, tena naandika na hasira, nisamehe.

Mama, ukimuona mujukuu wako Zaina sasa, utalia. Miguu njo vijiti. Pembe za mudomo zimepasuka, meno ya mbele yameoza, na hata miaka saba hajafikisha.

Ni sinema. Mwenye duka la karibu na bandari anatundika shuka nyeupe ukutani jioni, mashini inatupa picha zinazotembea. Kuingia ni bure. Mwanzoni nilifurahi: watoto wametulia, mimi nafua nepi. Kumbe bure ile iko na meno! Kwanza anaonyesha mutoto wa kizungu, mashavu kama papai, anakunywa maziwa ya kopo, anatafuna biskuti, anacheka. Halafu kapu la biskuti na bombo za sukari, vya kuuza, linapita katikati ya watoto. Wanakula macho yakiwa kwenye shuka, hata tumbo likijaa hawajui.

Nyumbani naweka wali, sombe ya majani ya mihogo na samaki. Zaina anageuza kichwa. "Mama, hii njo chakula ya washenzi. Mutoto wa sinema hakule majani."

Nikamuambia baba yake, kwa sababu yeye njo anamupa vipande vya pesa vya kununulia biskuti. Akacheka: "Muache, Mama Zaina. Mutoto anaendelea."

Anaendelea wapi? Kaburini?

Juma lililopita alianguka darasani. Infirmie, yule muuguzi wa dispansari, akamufunua jicho, ndani ni nyeupe kama chaki, damu imepungua. Akaniuliza mbele ya watu: "Mama, kwako chakula hakuna?" Mimi! Binti yako, mwenye kulima mihogo nyuma ya nyumba! Nilitoka pale na haya.

Jioni ile ile nikaenda dukani, mutoto mudogo mugongoni. Mwenye duka akasema, "Mama, mimi silazimishe mutu."

"Mutu mukubwa, ndiyo, haumulazimishe. Lakini mutoto unamuvuta kwa macho! Na yule mutoto wako wa picha, anashinda na biskuti tupu? Mama yake hapike?"

Wanawake waliokuja kuchukua watoto wakapasuka na kicheko. Mumoja akapiga kelele, "Muulize pia nani anamufulia!"

Mwenye duka akawasha mashini tu. Na watoto wote wakatugeuzia migongo, Mama. Hata wangu.

Basi nimekata shauri, Zaina anakuja kwako. Baba yake alikataa, mpaka alipomuona anashindwa kupanda ngazi ya kanisa. Akaenda mwenyewe kuongea na dereva wa lori ya kwenda Kama.

Atalia akitafuta biskuti. Umuache alie. Usimupige, na usimubembeleze na sukari. Umukalishe kwenye sahani moja na watoto wa kaka, wale wanaotoka shamba na njaa, wasiongoja mutu. Akichezacheza, atakuta sahani iko tupu. Atajifunza kunyosha mukono.

Anaogopa giza, umulaze karibu nawe.

Unisalimie baba, kaka mukubwa na muke wake, na shangazi anayesuka mikeka. Uwaambie wasimucheke mutoto kwa meno yake.

Na hata mimi nikiandika kwamba nimemukumbuka, nyumba imekuwa baridi, usinisikilize. Usimurudishe mpaka aombe mwenyewe kuongezewa wali.

Njo mimi binti yako,
Mwamini, Mama Zaina