Nusu Yangu ya Vidonge Vyake

Jumatatu, 4 Machi

Siku ya kumi na tisa ya ndoa! Nimechoka hoi, lakini acha niandike tu: mume wangu. Mume wangu! Anaumwa mguu, masikini. Wiki iliyopita alijikwaruza muundi kwenye pedali ya cherehani, tukapuuza. Leo umevimba, ngozi imekaza inang'aa. Tabibu kasema ngozi nyeusi huficha wekundu, kwa hiyo akapapasa kwa mgongo wa mkono. Mguu huu moto, ule wa kawaida. Bakteria wameingia chini ya ngozi. Akachora mstari wa kalamu kuzunguka uvimbe: ukivuka hapa, au homa ikipanda, rudini siku hiyo hiyo. Vidonge ishirini na nane — vinne kila siku, asiruke hata kimoja. Mguu ukae juu ya mto. Nimempa mto wangu. Jamani, hata akiumwa ni mzuri!

Jumanne, 5 Machi

Makubwa! Na mimi nina vidonda pembeni mwa mdomo. Vinawasha, vinatoa maji, kisha vinaganda gaga la njano kama asali. Taulo letu ni moja tangu harusi — raha yetu hiyo. Wifi, dada yake anayekaa chumba cha pili, kacheka: "Punguzeni mabusu, nyie!" Mume wangu hakucheka. Alinimiminia nusu ya vidonge kiganjani. "Changu chako, bibi harusi. Tupone pamoja." Nililia. Nani mwingine ana mume wa hivi?

Viwili yeye, viwili mimi. Asubuhi na jioni.

Jumatano, 6 Machi

Kufua mashuka. Kuchemsha maji. Kuinua mguu, kushusha mguu. Mgongo hauna hali. Vidonda vyangu vinakauka! Uvimbe wake umefika kwenye mstari. Umeugusa tu. Labda wino umetawanyika.

Alhamisi, 7 Machi

Umevuka. Vidole viwili. Nimepima mara tatu.

Anatetemeka, ananitabasamia. Nikamwambia twende, kasema kesho, mpenzi, usinihangaikie. Wifi kauliza kama dawa anameza sawasawa. Nikajibu ndiyo.

Ijumaa, 8 Machi

Naandika kwenye benchi la zahanati. Wifi ndiye katulazimisha kuja, hakunyamaza njia nzima.

Tabibu alibonyeza mguu, kidole kikaacha shimo. Kauliza vidonge. Mume wangu akasema, "Nimemeza vyote, daktari," huku kanibana mkono, nisiaibike. Tabibu akaanza kuandika: basi dawa hii imeshindwa, tutafute nyingine yenye nguvu zaidi.

Haijashindwa! Hakuimeza!

"Nusu nimekula mimi," nikasema.

Kalamu ikasimama. Wifi: "Umekula dawa ya kaka yangu?" Mume wangu akadakia kwamba ni yeye aliyenipa. Tabibu hakugomba, ndiyo mbaya zaidi. Alinigeuza uso kwenye mwanga wa dirisha. Hivi vyako, kasema, ni vya juu juu: sabuni, marhamu, na taulo lako mwenyewe. Yeye ndiye aliyevihitaji vidonge vile.

Mume wangu aliniachia mkono. Sijui kwa hasira au kwa homa. Wamempeleka ndani kumtundikia dripu, mlango wakafunga.

Wifi kakaa mwisho wa benchi, mimi mwisho mwingine. Katikati wangeenea watu watatu.

Muuguzi ametoka sasa hivi. Anauliza, mkewe ni nani hapa?

Nimesimama. Wifi naye kasimama — kunipisha au kunitangulia, bado sijui.