Kondoo Amerudishwa Getini Kwangu

Jumanne, siku ya mnada. Ukungu umekalia Karatu tangu alfajiri na magoti yananisumbua. Shule sikwenda, hivyo mimi naongea na simu inaandika. Vumilieni.

Leo nimeitwa Mama Deo.

Rafiki yangu wa Endulen hakuwahi kuniita hivyo kabla ya leo. Nilipomzaa Deo nilikuwa wa kufa. Akaja kwa miguu anaswaga kondoo, akamchinja, akaninywesha mafuta yake mpaka nikasimama. Kwao Wamasai, mkishapeana kondoo majina yenu mnayaweka kando. Mnaitana Paker. Tangu siku hiyo yeye Paker, mimi Paker.

Deo huyo huyo sasa ana duka la vifaa vya ujenzi na magari ya watalii. Hagombei kitu. Anakaa nyuma ya pazia anapanga nani agombee. Mwezi uliopita akaniambia, "Mama, mkwe wa rafiki yako kajifungua. Mpelekee kondoo, gari hilo hapo." Nikalia kwa furaha, mjinga mimi. Nilikwenda nimempakata kondoo kiti cha nyuma.

Hakuniambia kwamba Paker ni mjumbe, anapiga kura za maoni za chama mkoani.

Mgombea wa Deo akaanguka. Nje ya ukumbi, wajumbe wote wanasikia, mwanangu akamwambia, "Bibi, kondoo wangu umemla, kura umempa nani?"

Leo Paker kaja na lori la mnadani. Hakukaa, chai hakugusa. Kafunga kondoo jike mnene getini.

"Mama Deo, huyu badala ya kondoo wa mwanao. Yule wangu wa zamani sikudai."

"Paker, sikujua."

"Gari lilikuwa lake. Hukujiuliza?"

Sikujiuliza. Nilikuwa najivunia kiti.

Deo alipopita mchana nikamweleza. Akacheka. "Siasa hizo, Mama. Tumchinje, Jumapili nina wageni wa chama."

"Niite Paulina."

"Mama..."

"Mama yako alisimama kwa mafuta ya yule bibi, nawe maziwa yako yakatoka humo. Umemfanya mla rushwa mbele za watu, na mkono uliompelekea ni wangu. Wateja wako wananiita Paulina. Niite hivyo."

Kicheko kikakatika. Machozi yakamtoka, mtu mzima na kitambi chake. "Haya, Paulina," akasema, kwa sauti aliyokuwa nayo akiwa na miaka mitano.

Sikumfuta machozi. Nilimfungia makande kwenye bakuli, akaondoka nayo.

Iliniuma kuliko kuzaa. Sijutii.

Kondoo nimemwingiza jikoni, nje kuna baridi. Asubuhi nampeleka Endulen, kwa basi.

Nikifika nitapiga hodi. Akiuliza ni nani, nitajibu nini?