Neno Boi na Kofia Yangu

Jumatano, 6 Agosti 1975
Leo mtani wangu Maneno kanivua kofia mbele ya watu, pale duka la ushirika, Misugusugu. Kofia ya pama, zawadi ya mzungu mpima ardhi! Nifanyeje? Yeye Mnyamwezi, mimi Mzaramo — mtani hagombwi. Kaivaa. Eti mimi nilikuwa boi tu, pika-pika, fua-fua. Kofia nitaikomboa nikimweleza neno boi maana yake nini na limetoka wapi. Nikamwambia maana ninazo nyingi, nikizitoa zote leo ataugua kichwa.
Lakini Jumapili naenda Kisarawe kumposa Mwanakheri, yule mjane. Nilishamwambia nilikuwa msaidizi wa mpima, nashika mnyororo wa kupimia, simba wanatupisha. Bila kofia nani ataamini?

Alhamisi, 7 Agosti
Nimewaza. Boi ni mtoto wa kiume. Boi ni mtumishi, hata awe na mvi. Mzungu akijigonga kidole: "Oo boi!" — hapo hakuitwa mtu. (Nilikwenda na chai mara mbili.) Na rafiki yake mwenye ndevu, mzungu alimwita boi, eti walisoma pamoja. Wala hakumtuma maji.
Asili yake nimempa Maneno bure: mfalme wa Uingereza alikuwa na mshauri asiyelala, Bwana Boi. Kacheka mpaka kofia ikadondoka. Kaiwahi yeye.

Ijumaa, 8 Agosti
Mpwa wangu Biasha yuko likizo, kidato cha tatu, ana kamusi ya Kiingereza nene kama tofali. Kasoma, Maneno kasimama mlangoni. Maana zangu zote zimo! Nikatembea kama mkuu wa wilaya.
"Na asili?" Maneno kauliza.
"Haijulikani kwa hakika, Mjomba."
Kumbe! Neno walilowaitia baba zetu wazima, Waingereza wenyewe hawajui baba yake nani. Nikasema basi, Bwana Boi hana wa kumkanusha. Maneno akasema kofia ataileta Kisarawe mwenyewe.

Jumapili, 10 Agosti
Kaja kweli, nayo kichwani. Nimefika kwenye kisa cha simba wa pili, kaka yake Mwanakheri, Twalibu, ameduwaa — mtani akakohoa. "Huyu alikuwa boi. Miaka sita jikoni."
Nyuma ya pazia, Mwanakheri: "Anajua kupika? Marehemu hata maji hakuchemsha. Apike tuone."
"Mwanakheri, huyu mgeni," Twalibu kasema.
"Simba atawamalizia akishaivisha."
Kuku kachinjwa. Nazi, mbuzi ya kukunia, vyote uani. Maneno kaiweka kofia yangu juu ya mbuzi, pale pa kukalia.
Nimeomba msalani, ndiko naandika. Nikikalia ile mbuzi, simba wangu wote wamekufa. Nisipoikalia, hakuna kofia, hakuna mke.
Maneno anaita huko nje. Shemeji Twalibu anauliza, limau litiwe mwanzo au mwisho?
Swali gani hilo. Mwisho! Ukitia mwanzo tui linakatika, mtoto mdogo anajua. Na ile nazi wasiiguse mpaka nifike nikune mwenyewe, moto waupunguze, na